Kila pazeli anaimaliza siku ileile. Sasa ninunue nini?

BARUA

Jambo Tantine,

Nasoma majibu yako tangu nilipokuwa na mimba ya mtoto wa kwanza, na sikuwaza kwamba siku moja mimi ndiye nitakayeandika. Naona hata haya. Wengine wanakuletea shida za ndoa na za kufukuzwa nyumba, mimi nakuja na habari ya vitu vya kuchezea. Lakini kwetu hicho kitu kidogo kimezaa maneno makubwa, na juma lililopita siku tatu zimepita bila mimi na mume wangu kusemezana kwa simu.

Tunaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nina watoto watatu. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 7, yuko shule ya msingi, mwaka wa pili. Wa pili ni msichana, alitimiza miaka 4 mwezi wa tano, yuko materneli, shule ya watoto wadogo. Wa mwisho bado anatambaa na kila anachookota kinaingia mdomoni. Baba yao anafanya kazi kwenye machimbo upande wa Kolwezi. Anakaa huko majuma sita, anarudi siku kumi, anaondoka tena. Mimi nashona nguo hapa nyumbani, na mamamkwe anaishi nasi.

Habari yangu ni ya huyu wa pili. Mwaka jana shemeji alirudi kutoka Afrika Kusini akamletea pazeli, zile picha zilizokatwa vipande uziunganishe. Ilikuwa ya vipande 24: nyumba, mti, kuku na vifaranga. Nilidhani itamshinda juma zima. Aliimaliza kabla sijaepua bukari, ugali wetu. Akaivunja, akaanza upya. Tangu siku hiyo hana habari na mwanasesere wala mpira. Anataka kitu cha kutafuta. Anashusha masufuria yangu yote, anachanganya vifuniko, kisha anatafutia kila sufuria kifuniko chake. Akimaliza ananiita: "Mama, nilisha maliza. Na ingine?"

Hilo "na ingine" ndilo linalonitesa, Tantine. Nilinunua ya vipande 35, ikaisha siku ileile. Nikanunua ya 48, ikaisha siku mbili. Pale mjini moja ni dola 15, nzuri zinafika 25, na dola 25 kwangu ni kushona usiku mara nyingi. Wakati wa Noeli nikajikaza, nikachukua ya vipande 100 ili anyamaze angalau mwezi. Picha ni ngome ya Ulaya katikati ya theluji. Kwanza aliniuliza, "Mama, hii nyeupe ni unga?" Alihangaika nayo jioni tatu. Mbingu ikamshinda. Akalia, akalipiga boksi teke. Nilimwonea huruma. Usiku alipolala nilikaa nayo mpaka saa sita na nusu, nikaimaliza ili asubuhi acheke. Asubuhi akaitazama, hakucheka, akaivunja polepole, akavirudisha vipande ndani. Tangu siku hiyo hajaigusa.

Amerudia ile ya kuku. Kipande kimoja cha paa kilipotea, nikataka kuitupa, akakataa kabisa. Anaijenga na tundu lake. Ukimuuliza kipande kiko wapi, anajibu, "Kilienda Kolwezi." Siku hizi anaijenga hata kinyumenyume, picha chini, ule upande wa kijivu usio na kitu. Nilifikiri anaichafua, nikamwambia aigeuze. Aligeuza. Nilipotazama mashine yangu, akarudisha vilevile.

Sasa zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa fedha wa kupokezana, imefika, nina dola 60 mkononi. Mjini nimeona boksi la vipande vya plastiki vyenye sumaku, unajengea nyumba na minara, dola 55. Mume wangu anasema hapana, tuongeze fedha tununue tableti, ndani kuna michezo maelfu, hataimaliza hata akikua. Mamamkwe anasema wote wawili tumepotea. Kwao Sandoa watoto walicheza na udongo na akili walikuwa nazo, fedha hiyo ni ya viatu. Anasema pia kwamba mtoto anayecheza peke yake hivi si vizuri. Jirani amemsikia, naye akaongeza huku akicheka: "Akili hii si ya mtoto wa kawaida, umwangalie vizuri." Nilicheka naye, lakini usingizi haukuja.

Na kaka yake ameanza kununa. Watu wanamwambia dada yako anakupita. Siku moja nilikuta vipande viwili chini ya godoro lake.

Ninunue sumaku, tableti, au niache? Naogopa nikikosa kumpa, akili yake itazimika kama moto uliokosa kuni.

Mama anayeshona, Katuba


JIBU

Jambo sana, Mama.

Haya uiondoe. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Unaniuliza kuhusu maboksi mawili ya dukani, lakini ndani ya barua nimekutana na watu: binti anayetafuta, kaka aliyenuna, baba aliye mbali, nkambo, yaani bibi yao, anayeona fedha inamwagika, na mama anayefanya kazi ya watu wawili na bado anakaa usiku kuunganisha mbingu ya Ulaya. Nitajaribu kumpitia kila mmoja. Wengine nitawapitia haraka.

Nilipiga mstari chini ya mahali pawili ulipopita mbio. Pa kwanza ni pale anapoijenga pazeli picha chini.

Hebu simama hapo kidogo. Ile ya kuku aliimaliza zamani, anajua kila unyoya. Alipoulizia "na ingine", nyinyi wakubwa mlikuwa bado mnabishana juu ya dola. Yeye akaitafuta mwenyewe. Aliondoa picha. Sasa hana rangi, hana jicho la kuku la kumwongoza, amebaki na ukingo tu: hapa pametokeza, hapa pameingia. Mtoto wa miaka 4 amejitengenezea mchezo mgumu kwa pazeli ya zamani yenye kipande kilichopotea. Ulifikiri anaichafua, nakuelewa. Hata mimi niliwahi kuwaambia watoto kama hao "geuza vizuri", kabla sijajifunza kukaa kimya.

Nilifundisha materneli miaka mingi, na watoto wanaopenda pazeli hawafanani. Kuna anayependa picha, ukimpa picha asiyoijali anaondoka. Kuna anayependa kile kipande cha mwisho tu, atawaacha wenzake wafanye kazi kisha aje akidondoshe. Kuna ambaye hapendi pazeli hata kidogo, anampenda mtu aliyeketi naye chini. Na kuna anayependa kule kuingia kwa kitu mahali pake, ile "tk" ndogo ambayo kidole kinaisikia kabla ya sikio. Vifuniko vya masufuria vinanifanya nidhani wako ni wa aina hii. Lakini wewe ndiye unayemwona, mimi naona karatasi. Ungemtazama juma moja bila kumsaidia na bila kumsifu, ukiwa palepale kwenye mashine yako, ungejua zaidi kuliko mwenye duka na kuliko mimi.

Mwaka 1907, Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma. Kati ya vifaa vilivyopata sifa katika shule zake kuna gogo lenye matundu, na vipande vya mviringo vya mbao vya kuingizwa humo. Kila kipande kina tundu lake. Ukikosea, mwishoni unabaki na kipande kisichoingia popote, na kosa unaliona mwenyewe, hakuna mwalimu wa kupiga kelele. Kifaa hicho kinauzwa ghali hadi leo. Binti yako alikipata jikoni: kifuniko kidogo kinatumbukia, kikubwa kinacheza juu, kile chake kinatulia. Yeye na sufuria wanaelewana, hakuna wa kumwambia kwamba amekosea.

Ndiyo maana nataka tuzungumze taratibu juu ya ile asubuhi ya ngome, mahali pa pili nilipopiga mstari. Ulifanya kwa upendo, sina shaka. Najiuliza tu yeye alikuta nini. Pengine alikuta zawadi asiyojua aipokee vipi. Pengine alikuta kazi yake imekwisha fanywa na mtu mwingine, kama wewe ungeamka ukute jirani amekumalizia gauni uliloshindwa kola yake, na mteja anakuja saa nne. Ungemshukuru. Ungefurahi? Simjibii. Unaweza kumuuliza mwenyewe, bila maneno mengi: "Ile siku niliimaliza wakati umelala. Ulitaka kuimaliza wewe?" Watoto wa umri huo hujibu, wakati mwingine baada ya siku mbili, wakiwa wanaoga.

Na ile pazeli yenyewe haikumshinda kwa sababu ni vipande 100. Nawaona wazazi wengi wakipanda hesabu kama ngazi: 24, 48, 60, 100. Hesabu inadanganya. Ugumu uko katika alama ambazo jicho linaweza kushika. Vipande 48 vya soko lenye nyanya, mitumba na watu ni vyepesi kuliko vipande 20 vya mbingu tupu, kwa sababu mbingu haina pa kuanzia. Mtu aliyewahi kuona theluji anajua ile nyeupe inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Yeye aliona unga, na hakukosea sana. Na ile namba ya umri juu ya boksi haipimi akili ya mtoto wako. Wakati mwingine inasema habari ya ukubwa wa vipande na koo la mtoto. Ukitaka kuirudia ngome, toa vipande vya mlango na ukuta peke yake, labda 15, mbingu ibaki ndani ya boksi. Au usiirudie. Boksi halina haraka.

Kabla hatujafika kwenye fedha, jirani. Hapa sitasema kwa upole kama kwingine. Lile neno, "akili hii si ya mtoto wa kawaida, umwangalie vizuri", katika miji yetu linajulikana linakoelekea, na wewe umelijua, ndiyo maana usingizi haukuja. Mtoto anayepanga vifuniko anapanga vifuniko, hakuna kingine. Katiba ya nchi yetu, Kongo, ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo. Sikuambii umpeleke jirani mahakamani kwa kicheko kimoja. Nakuambia usicheke naye tena. "Huyo ni mtoto wa mshona nguo, anapenda kupanga vitu." Sema hivyo mara moja, kwa sauti ya kawaida, mbele ya mamamkwe pia. Neno la namna hiyo likikosa mtu wa kulichekea, hupungua nguvu.

Nimesema mtoto wa mshona nguo, na sitaki tuliache hilo. Unatandika kitenge cha yadi sita mezani. Una karatasi ya mkono, ya kifua, ya kola. Unageuza huku, unageuza kule, ili ua la kitenge likutane na ua kwenye mshono na kisibaki kipande cha kutupa. Hiyo ni nini, Mama? Unadhani mtoto huyu alianza siku shemeji alipoleta boksi la Afrika Kusini. Nadhani alianza mapema, chini ya meza yako, kati ya vipande vinavyoanguka.

Mamamkwe anasema mtoto hachezi na wenzake. Usimpuuze haraka, nkambo huona mambo. Kwa miaka 4, wapo ambao bado hucheza kila mmoja na chake, magoti yakigusana, na kucheza kwa pamoja kunakuja kidogokidogo. Tazama vitu vidogo: ukimwita anageuka? Mwenzake akija, anampa kipande au anamsogezea nafasi? Anakuletea alichofanya ukione? Huyu anakuita "Mama, nilisha maliza", kwa hiyo anataka macho yako. Kama kuna siku utaona maneno aliyokuwa nayo yanapotea, au haitiki kabisa, hapo zungumza na mwalimu wake na daktari wa watoto. Katika barua yako sikuona hilo.

Sasa maboksi.

Ya sumaku ni mazuri, sitadanganya. Hayana picha moja ya kumaliza, anajenga, anabomoa, leo mnara, kesho zizi, na kaka yake wa miaka 7 anaweza kuingia bila kuwa mwanafunzi wa dada yake. Lakini una mtoto anayetambaa. Vipande vya plastiki vikianguka mara nyingi kwenye sementi hupasuka, na sumaku ndogo ndani hutoka. Akimeza mbili, zinavutana katikati ya kuta za utumbo na kuutoboa, na kwa siku ya kwanza unaweza kudhani anaumwa tumbo tu. Ukiyanunua, nunua yaliyofungwa kwa misumari midogo ya chuma kwenye pembe, yakague kila juma, na yakae juu ya kabati yule mdogo akiwa macho. Kwa vitu vingine vyote vya nyumbani kuna kipimo cha bure: ile bomba ya karatasi ya choo. Kinachopita humo hakifai karibu na mtoto asiyefika miaka 3. Na vile vibetri bapa kama sarafu, vya michezo inayolia na kuwaka, viogope kuliko vyote. Kikikwama kooni kinaunguza ndani ya saa mbili.

Tableti. Najua unataka nimwambie mume wako amekosea, lakini hakukosea yote. Vipande vyake havipotei, mdogo hawezi kuvimeza, na mtoto anaweza kucheza anaposubiri zamu hospitalini. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliandika kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na pungufu ni bora zaidi. Maana yake si sumu, ina kipimo tu. Swali langu ni nani atashika kipimo hicho saa kumi na moja jioni, mteja amesimama mlangoni, wewe una pini mdomoni. Halafu ile sifa anayoisema baba, "hataimaliza hata akikua", mimi ndiyo inayonitia mashaka. Binti yako anapenda kumaliza. Anamaliza, anavunja, anaanza. Mchezo uliotengenezwa usiishe, wenye nyota na kengele kila mara, unampa kitu kingine, na kidole juu ya kioo hakisikii ile "tk".

Ila kuna jambo lingine hapo. Mtu anayeona watoto wake siku kumi kila baada ya majuma sita anataka kuacha kitu nyumbani kinachofanya kazi wakati hayupo. Nadhani tableti ni namna yake ya kukaa sebuleni. Kabla ya kumjibu kuhusu bei, ungeweza kumuuliza yeye angependa kucheza nini naye. Labda mtagombana tena, sijui tabia zenu. Labda atanyamaza kidogo. Kuna mzazi niliyemjua aliyepeleka picha ya mume wake studio, ikatolewa kubwa, akaigundisha kwenye karto (kadibodi) ngumu na kuikata vipande 20. Mtoto akawa anamjenga baba kila jioni. Hatari yake unaiona: siku jicho la baba litapotea, kutakuwa na kilio. Tunza picha nyingine.

Hii inanipeleka kwenye zile za kujitengenezea, na hapa una mali kuliko duka. Mabaki ya kitenge: gundisha kipande cha upana wa daftari juu ya karto kwa uji mzito wa unga, weka chini ya kitu kizito mpaka kikauke kabisa, kisha kata. Kitenge chenye ua linalojirudia ni pazeli ngumu sana, kwa sababu kila kipande kinafanana na mwenzake na ukingo pekee ndio unasema ukweli, jambo analolitafuta tayari. Kata kwa mstari unaopinda. Ukikata miraba iliyonyooka, kipande kimoja kitaingia mahali pengi naye atakasirika kwa haki. Tatizo la kazi hizi ni kwamba zinakula muda wako, na masika karto inavimba.

Nyingine ni ramani. Pazeli yenyewe ilianza hivyo: miaka ya 1760 huko London, mchora ramani John Spilsbury aligundisha ramani kwenye ubao akaikata kufuata mipaka, watoto wajifunze jiografia. Nchi yetu tangu 2015 ina mikoa 26. Vipande 26, Mama! Kila kimoja na umbo lake, hakuna kinachofanana na kingine. Hapa Haut-Katanga, tuko sisi. Hapa pembeni Lualaba, yuko baba, na vipande hivyo viwili vinagusana.

Kazi ya kuikata ningempa kaka, wewe ukiwa karibu na mkasi. Yeye ana daftari la shule lenye ramani, yeye ndiye anaweza kusoma majina. Kijana aliyekuwa anaficha vipande chini ya godoro anakuwa fundi, na dada anamngoja amalize. Sisemi kwamba yeye ndiye aliyekipeleka kile cha paa Kolwezi, usianze kupekua. Nasema tu kwamba anayeambiwa kila siku "dada yako anakupita" lazima atafute njia ya kupunguza mwendo wa dada. Wageni wakilisema tena, wewe unaweza kuligeuza: "Huyu ndiye anayemtengenezea." Anaweza pia kukataa, asitake kuwa fundi wa mtu. Basi apewe chake, na dame (drafti) ya vifuniko vya chupa haigharimu kitu.

Nkambo wa Sandoa nimemwacha mwisho kwa sababu nadhani ana kitu ambacho hata yeye amesahau kukiweka mezani. Kwa Watshokwe, watu wa upande huo wa Sandoa, kuna michoro ya mchangani inayoitwa sona. Unatoboa vitone kwa ncha za vidole, safu zilizonyooka, kisha kidole kimoja kinachora mstari unaozunguka kati ya vitone, unagonga pembeni unarudi, mpaka ufike ulipoanzia bila kunyanyua mkono. Mabingwa wake walikuwa wanaume, na wavulana walifundishwa huko mukanda, yaani jandoni, lakini aliyekulia kule anaweza kuwa ameiona mingi. Muulize tu. Majirani zao Wakuba wa Kasai wanalo la namna hiyo: mwanzoni mwa karne ya 20, mtafiti kutoka Hungaria, Emil Torday, alikuta watoto wakichora mchangani, wakampa mchoro auchore bila kunyanyua kidole. Akashindwa. Watoto walifurahi sana.

Jaribu wewe kwanza, usiku, badala ya ngome. Weka safu mbili za vitone, kila safu vitatu. Anza pembeni, pita kiupande katikati ya vitone kama anayesuka mkeka, ukifika nje pinda, rudi. Mstari mmoja utavizunguka vyote sita. Sasa ongeza kitone kimoja kila safu, safu zibaki mbili, kila moja iwe na vinne. Mstari utafunga kabla haujavipita vyote, itabidi uanze wa pili. Kwa nini? Usimwambie. Huenda asikuulize kwa miaka mitatu, na huenda nkambo akaketi naye alasiri nzima. Mchanga uwe safi, wa mtoni au wa kujengea uliooshwa, kwenye sinia. Huku kwetu udongo wa karibu na mitambo ya kuyeyushia madini haufai kuchezewa na mtoto, na mikono ioshwe kabla ya bukari.

Kuhusu moto na kuni, sijui kama nakubaliana nawe. Juma ambalo hukumpa kitu, yeye aligeuza pazeli. Inawezekana ile "na ingine" si ombi la fedha kila mara. Wakati mwingine anakwambia amemaliza, ana nafasi, uko wapi. Wakati mwingine kweli anataka ingine. Utasikia tofauti kwenye sauti kuliko mimi.

Dola 60 ni zako, na likelemba yako naiheshimu. Unaweza kuchukua sumaku ukijua habari ya mtambaaji. Unaweza kumwachia baba tableti mkapatana juu ya saa. Unaweza kununua viatu, ukampitia seremala akukatie mabaki ya mbao kwa kipimo kimoja, kifupi, cha mara mbili, cha mara nne, ukavisugua kwa msasa. Au ukae na fedha mpaka baba arudi mkiwa mmezungumza uso kwa uso. Kila njia ina asubuhi yake ya majuto, nadhani, lakini hakuna kati ya hizo itakayomharibu mtoto huyu.

Ile ya kuku usiitupe, na kile kipande cha paa usikikatie mbadala bado. Baba atakaporudi, kabla hajafungua mfuko wake, mwache aketi chini aijenge naye, picha chini kama binti anavyotaka. Wakifika kwenye tundu, wewe baki kwenye mashine yako, usikilize atakachomwambia.